Kamera si Sare

Kuna kauli inayozunguka kati yetu wanafunzi wa picha hapa Kigali, na baadhi ya walimu huiunga mkono: kwamba asiye na kamera ya sensa kubwa, ile ya milimita 36 kwa 24, bado hajaanza kazi. Naipinga. Kauli hii inakula posho za watu.

Mwenzangu mmoja alikusanya posho ya kujikimu ya miezi kadhaa, akakopa kwa shangazi yake, akanunua bodi ya aina hiyo iliyokwisha kutumika. Fedha ya lenzi nzuri haikubaki. Sasa kamera inalala chini ya kitanda hosteli, kwa sababu anaogopa kupanda nayo moto mvua za Aprili zikinyesha. Akitaka picha, anatoa simu.

Tufanye hesabu, maana wanaotushawishi hawaifanyi. Eneo la sensa hiyo linazidi kidogo mara mbili ya lile la kamera ndogo za bei ya kati. Faida ipo, siikatai. Lakini ondoa lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ambayo ukiivuta tundu lake huishia f/5.6, uweke ya f/1.8: mwanga unaoingia huongezeka karibu mara kumi. Kigali jua huzama kama saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na harusi zetu huendelea kwenye kumbi zenye taa hafifu. Humo, mwenye kamera ndogo na lenzi nzuri anamshinda mwenye bodi kubwa na lenzi duni. Na pikseli? Milioni 12 zinatosha kuchapa ukurasa wa A4 bila picha kufifia. Nyingi za kwetu huishia WhatsApp, ambako hubanwa vilevile.

Kisha kuna shingo na vidole, jambo lisilotajwa darasani. Bodi kubwa yenye lenzi nzito ya 70–200 huzidi kilo mbili. Jaribu kupanda nayo kwa miguu kutoka Nyabugogo hadi mjini, kisha uniambie kama bado una hamu ya kupiga picha. Vidole vyangu ni vifupi, nami sioni aibu kuchagua kamera kama ninavyochagua viatu, kwa kujaribu. Duka likikukataza kuishika kabla ya kulipa, toka.

Watasema wateja wa harusi hutazama ukubwa wa kamera kabla ya kutazama picha. Wapo, kweli. Anayekula kwa harusi na anunue kile soko linachomdai, au akodi kwa siku hiyo. Vilevile anayepiga mpira akiwa jukwaani Amahoro anahitaji lenzi ndefu, simu haitamfaa. Lakini Septemba 2025, mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli barabarani yalipofika Afrika kwa mara ya kwanza, tena hapa kwetu, waendeshaji waliupanda mteremko wa mawe wa Mur de Kigali kwa taabu, hatua chache kutoka kwa watazamaji. Lenzi ndefu ya nini pale?

Mwaka 2000 Mmarekani David Jiranek aliwapa watoto wa kituo cha yatima cha Imbabazi, upande wa Gisenyi, kamera za kutumia mara moja na kutupa. Hazina hata lenzi ya kubadilisha. Watoto wakapigana picha wao kwa wao, wakapiga na mazingira yao, na kazi hiyo ikaonyeshwa ndani na nje ya Rwanda.

Walimu wangu, kabla ya kumtajia mwanafunzi jina la kamera, muulizeni anapiga nini, saa ngapi, anasafiri kwa chombo gani na ana faranga ngapi. Na zile kamera za idara zilizofungiwa kabatini, ndogo kwa kubwa, zitolewe tuzishike wiki moja moja kabla hatujakopa.