Kioo cha Fundi

Huku Ukata mashine ya kumenya kahawa hulowa kila msimu na kushika kutu. Fundi aliyejiundia nyumbani sanduku la kupulizia mchanga huing'arisha upya. Lakini chembe zinazoruka ndani hukikwaruza kioo cha kuchungulia, kikafifia hata asiione kazi ya mikono yake. Hapo hushawishika kupuliza huku mlango u wazi, akavuta vumbi. Silika iliyomo mchangani hujeruhi mapafu, na ugonjwa wake, silikosisi, hauponi. Uingereza ilikwisha kupiga marufuku mchanga katika kusafisha vyuma hivyo kwa kanuni za mwaka 1949.

Basi, funika kioo kwa ndani kwa plastiki angavu, uibadilishe mara inapofifia. Usiipanguse kwa kitambaa kikavu, bali isuuze kwa maji. Ziba nyufa za mlango. Mchanga wa Nyasa uache ufukweni. Tumia vipunje vya kioo.

Kwa maoni yangu, anayelalamikia bei ya plastiki hajapima thamani ya pumzi yake, wala ya kijana anayejifunza kazi ubavuni pake.