Simu za wadai: Agizo la korti ndilo kinga ya muflisi, si fomu

MKENYA anayewasilisha ombi la kutangazwa muflisi huenda akadhani kwamba simu za wadai zitakoma siku hiyo hiyo. Sheria haisemi hivyo, na wengi huitambua tofauti hiyo wakiwa wamechelewa.

Chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, kinga huanza mahakama inapotoa agizo, wala si mdaiwa anapojaza fomu. Agizo hilo ndilo husimamisha kesi za kudai pesa na kuiweka mali yake mikononi mwa msimamizi wa ufilisi. Tangu hapo, mdai asiye na dhamana hupeleka madai yake kwa msimamizi huyo.

Anayehitaji afueni mapema anaweza kuwapendekezea wadai mpango wa malipo na kuiomba mahakama agizo la muda la kuwazuia. Naye asiye na mali, ambaye madeni yake ni kati ya Sh100,000 na Sh4 milioni, amewekewa utaratibu maalumu unaoweza kumwondolea mzigo huo baada ya miezi 12.

Lengo la sheria ni kuwapanga wadai wote kwenye foleni moja ili kidogo kilichopo kigawanywe kwa haki. Anayepiga simu usiku akitoa vitisho anajaribu kuiruka foleni hiyo. Mdaiwa akimlipa kisirisiri ili apate usingizi, huwa amewapunja wadai wengine, na malipo hayo yanaweza kubatilishwa.

Kwa hivyo, jibu linalofaa ni fupi: nambari ya kesi, tarehe ya agizo na jina la msimamizi. Muflisi asitoe ahadi yoyote ya kulipa. Badala yake, aandike saa ya simu, nambari na jina la aliyepiga, na ahifadhi kila ujumbe. Mambo hayo ndiyo ushahidi iwapo atalazimika kulalamika.

Ushahidi huo una uzito. Kanuni za Benki Kuu za 2022 ziliwapiga marufuku wakopeshaji wa dijitali kutumia vitisho na matusi, au kuwasumbua watu walio katika simu ya mdaiwa. Mwaka 2023, Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya Sh2.975 milioni kwa kutumia majina na nambari za watu kinyume cha sheria.

Hata hivyo, kinga hiyo ina mipaka. Mdai aliyewekewa rehani ya shamba au gari bado anaweza kuiuza. Mdhamini naye haokolewi na agizo la mwenzake. Simu zikihamia kwake, zina msingi wa kisheria. Aidha, muflisi hawezi kuchaguliwa mbunge kabla ya kuondolewa hali hiyo, jambo ambalo kwa kawaida hutokea miaka mitatu baada ya kuwasilisha taarifa ya hali yake ya kifedha.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Sheria haiupingi usemi huo. Inachokataa ni kwamba dawa hiyo inyweshwe kwanza mdai anayepiga kelele zaidi, huku mkopeshaji mnyamavu, pengine jirani au mwanachama mwenzake wa chama, akiambulia patupu.