Makopo ya Kolajeni Mlangoni mwa Msikiti

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Hapa Buyenzi siku hizi, swala ya Ijumaa ikiisha tu, utawakuta watu nje ya msikiti na makopo ya unga wa kolajeni. Wanawaambia wazee kwamba vijiko viwili kila asubuhi vitaondoa uvimbe, na magoti yatarudi kusujudu kama ya kijana. Wengine wanathubutu kusema ni dawa ya Sunna. Sunna gani hiyo? Hatuwezi kulinyamazia hili.

Kolajeni ni protini inayoshikilia ngozi, mifupa, kano na gegedu. Ya makopo hutolewa katika ngozi, mifupa na magamba ya ng'ombe, samaki, na nguruwe. Naam, nguruwe! Jelatini ya vyakula inayotengenezwa Ulaya, sehemu kubwa yake ni ngozi ya nguruwe, na kolajeni ya unga ni ndugu yake wa karibu. Kopo limechorwa mwezi na nyota, lakini halisemi ni mnyama gani, kachinjwa vipi, wala nani kathibitisha. Mchoro si cheti. Wapo wanavyuoni wanaosema kitu kikigeuka kabisa hukumu yake hubadilika. Lakini kwetu sisi wa madhehebu ya Shafii mlango huo ni mwembamba, na nguruwe hapiti.

Ama hiyo tiba yenyewe: tumboni kolajeni huvunjwavunjwa ikawa asidi amino na vipande vidogo, na mwili huvipeleka unakotaka wenyewe, si lazima gotini. Yapo majaribio yaliyoonyesha maumivu ya goti kupungua kidogo, na hatuyakanushi, ila mengi ni madogo na yamelipiwa na wauzaji. Mwaka 2011 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliupitia ushahidi ikaona haujathibitisha kwamba kolajeni hiyo hutunza viungo.

Na kama ni kolajeni tu, si tunayo kwenye supu ya makongoro, ambayo ndugu zetu wa Uganda huiita mulokoni? Mchinjaji tunamjua. Kamulia ndimu, maana bila vitamini C mwili hauwezi kuijenga kolajeni yake vizuri. Maharage na ndagala vitaleta asidi amino ambazo kolajeni haina za kutosha. (Mwenye jongo amuulize daktari kwanza.) Hata supu hatuiiti dawa.

Linalotuuma zaidi ni wazee wanaoacha vidonge vya hospitali kwa ajili ya kopo, na wazazi wanaompa mtoto unga huo kila anapolia viungo. Maumivu ya mtoto yanaweza kuwa selimundu. Kiungo kikivimba, kikawa cha moto na homa juu yake, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Enyi wauzaji, mnaijua habari ya Mtume (s.a.w.) kutia mkono katika chungu ya chakula sokoni akakuta chini kuna maji. Alimkemea mwenye mali pale pale. Leteni cheti au ondokeni mlangoni.

Nanyi wazee wetu, goti likikataa, swalini mmekaa. Mtume (s.a.w.) alimruhusu hivyo Imran bin Husayn (r.a.) alipougua, na hakumuuzia kitu.

Wabillahi tawfiq.