Dawa ya Kupunguza Unene Nayo Ipimwe

Siku hizi katika masoko ya Arusha na Tengeru hakosekani mtu wa kukuuzia mizizi au unga wa majani wa kuondoa kitambi. Sisi wauguzi hatuidharau miti shamba. Wameru, Waarusha na Wamaasai wameitumia tangu enzi za mababu. Lakini twauliza: je, dawa hiyo imepimwa?

Kusikia kwamba mama fulani amepungua si kipimo. Dawa ikikuharisha unapoteza maji na chumvi. Ukinywa maji uzito hurudi, na mafuta yako palepale. Kupima hasa ni kuwagawa watu makundi mawili: moja lipewe dawa, jingine lipewe kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa. Kisha wote wapimwe uzito, presha na damu.

Ndivyo ilivyopimwa hoodia, mmea wa jangwa la Kalahari ambao Wasani huutafuna mawindoni kutuliza njaa. Ulivuma na kuuzwa nchi nyingi kama dawa ya unene. Kampuni ya Unilever iliujaribu kwa wanawake wanene kwa siku 15. Haukupunguza ulaji wala uzito; bali ulileta kichefuchefu, na presha ikapanda. Mwaka 2008 kampuni ikaacha mradi huo. Na watu wanene wengi tayari wana presha!

Hapa nchini, Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Basi muuzaji asiyetaka dawa yake ichunguzwe anaogopa nini?

Tukumbuke pia mwaka 2011, umati ulipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mugariga. Wapo walioacha dawa za kisukari na UKIMWI, wakazidiwa.

Kwa hiyo, ukitumia mti shamba, mweleze muuguzi bila kuona haya. Usiache dawa zako za presha au kisukari. Mjamzito na anayenyonyesha wasijaribu kabisa.

Tena jipime. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Mama wa kilo 80 mwenye urefu wa mita 1.60 anapata 31. Kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Huyo aanze na kupunguza soda, chipsi na mafuta, na kutembea kila siku. Hayo yamekwisha kupimwa.