Wateuzi wa Kriketi na Waje Watazame

Jioni moja barazani kwetu, baada ya sala ya magharibi, kahawa ishazunguka mara mbili na kashata zimebaki vipande, mzee mmoja alitoa kauli iliyotugawanya. Alisema timu ya taifa ya kriketi ichaguliwe kwa hesabu ya majimbo: kila pembe ya Kenya ipewe fungu lake, Pwani nayo ipewe lake, na asiyeridhika ashike njia. Vijana wakampigia makofi. Mimi nilinyamaza, kwani mzee huyo ni rika la marehemu baba yangu, na kumkata kauli mbele ya watoto si adabu. Lakini kalamu haina haya ya barazani, na leo namjibu hapa, kwa heshima zake zote.

Ami yangu, tuanze na mtoto wa mji huu huu. Aasif Karim alizaliwa Mombasa mwaka 1963. Aliwahi kuwa nahodha wa Kenya katika Kombe la Dunia la 1999, kisha akaondoka uwanjani akashika shughuli zake. Mwaka 2003 akaitwa tena, naye umri wake ni miaka 39, umri ambao wengi wetu tushaanza kulalamikia magoti. Tarehe 15 Machi, mjini Durban, akasimama mbele ya Australia, mabingwa wa dunia wa wakati ule. Alirusha ova 8 na mipira 2. Katika ova hizo, 6 hazikuzaa mkimbio hata mmoja. Jumla alitoa mikimbio 7 tu na kuwang'oa wapigaji 3, akiwamo nahodha wao Ricky Ponting. Australia walishinda, hilo sikatai, lakini mchezaji bora wa siku ile alikuwa huyu mzaliwa wa Mombasa.

Sasa nauliza, angeingia kwa fungu lipi? La vijana lilikuwa limempita. La Pwani halikuwapo. Aliingia kwa sababu kuna mtu aliyeukumbuka mkono wake na akathubutu kumwita mzee arudi kazini.

Wapo watakaosema kwamba Kenya huchaguana kwa udugu. Nao wana cha kuonyesha. Kikosi cha 1996 kilikuwa na kina Odumbe wawili na kina Tikolo wawili. Mwaka 2003 wakaja kina Obuya watatu wa tumbo moja. Lakini hao ndio walioiangusha West Indies kule Pune tarehe 29 Februari 1996, Kenya mikimbio 166, wao 93. Hao ndio waliotufikisha nusu fainali mwaka 2003. Collins Obuya peke yake aliwang'oa Wasri Lanka 5 pale Nairobi. Hakuna aliyebebwa pale. Ila, wasomaji wangu, nyavu ikileta samaki wa aina moja kila siku, mvuvi hujiuliza anaitupa wapi. Nyavu yetu ilitupwa katika nyumba chache na viwanja vichache. Kizazi kile kilipochoka, nyuma yake palikuwa na pengo. Katika Kombe la Dunia la 2011 tulicheza mechi 6 na kushindwa zote 6, na mwaka 2014 tukapoteza ile hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Mzee wangu hupenda kutoa mfano wa Afrika Kusini, na mimi pia naupenda, kwani huko uteuzi wa kriketi ulitikisa serikali. Basil D'Oliveira alizaliwa Cape Town, na kwa kuwa hakuwa mzungu hakuruhusiwa kuichezea nchi yake. Mwaka 1960 akahamia Uingereza, na kufikia 1966 alikuwa akiichezea Uingereza. Agosti 1968, katika uwanja wa The Oval, aliwapiga Waaustralia mikimbio 158. Siku chache baadaye wateuzi wakatangaza kikosi cha kwenda Afrika Kusini, na jina lake halimo! Wakasema ni sababu za mchezo tu. Nani aliwaamini? Mwenzake mmoja, Tom Cartwright, alipojitoa kwa kuumia, ndipo D'Oliveira akaingizwa, na waziri mkuu Vorster akakataa kuipokea timu hiyo. Safari ikavunjwa, na baada ya 1970 Afrika Kusini ikafungiwa nje ya kriketi ya dunia hadi 1991.

Ubaguzi ulipoondoka, wakaja na hesabu. Mwaka 2016 chama chao kiliweka lengo: kwa wastani wa msimu, wachezaji 6 wasio wazungu, na miongoni mwao Waafrika weusi 2. Hapa nakiri mzee wangu ana nusu ya haki. Mlango uliofungwa kwa vizazi haufunguki kwa kuomba radhi. Lakini tazama hesabu ilivyomtesa Temba Bavuma, kijana wa Langa. Kila alipokosea mpira mmoja, palikuwa na mtu wa kusema kwamba yumo timuni kwa rangi yake. Ilimbidi asubiri hadi Juni 2025, pale Lord's, alipoiongoza Afrika Kusini kuishinda Australia na kutwaa ubingwa wa dunia wa Test, mwenyewe akipiga mikimbio 66 huku akichechemea, ndipo midomo ikafumbwa. Na Makhaya Ntini, Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea Afrika Kusini mechi za Test, mwaka 1998, alikuwa mchunga ng'ombe kijijini. Aliyemtoa huko ni watu waliokwenda kijijini kutafuta, wakamwona akirusha, wakamtia skuli. Baadaye aling'oa wiketi 390. Kwenda kutafuta ndiko ninakokutaka mimi.

Tulipokuwa chuoni, maalimu wetu alitusimulia habari za Amr bin Salama, ambayo Bukhari ameipokea. Watu wake walikaa penye maji, wasafiri wakipita. Yule mtoto akiwauliza na kuhifadhi Qur'ani kutoka vinywani mwao. Kabila liliposilimu wakaamrishwa awasalishe aliyehifadhi zaidi. Wakatafutana, wakamkuta ni yeye, mtoto wa miaka sita au saba. Wakamtanguliza mbele. Nguo yake ilikuwa fupi mno, akisujudu inapanda, hata mwanamke mmoja akasema mfunikeni imamu wenu! Wakanunua kitambaa wakamshonea kanzu, naye hakupata kufurahi kwa kitu kama kanzu ile.

Sisi wanafunzi tuliicheka ile nguo fupi. Leo naiona kanzu. Wale walipompata anayestahili hawakumwambia arudi atakapokuwa na nguo. Kriketi ni mchezo ghali, ami. Pedi, glavu, kofia ya chuma, gongo zuri, vyote pamoja havinunuliki kwa mshahara wa kibarua wa bandarini. Kijana wa Kisauni asiyekuwa na ukoo katika klabu hushikia wapi? Chama kikisema mlango u wazi kwa kila mwenye kipaji, kisha kikataka kila mtu aje na pedi zake, kimeshachagua kabla ya kutazama.

Namjua kijana mmoja, mwana wa jirani yangu, mrushaji wa mkono wa kushoto. Aliitwa Nairobi kwenye majaribio. Alipanda basi la usiku, akafika alfajiri, akakaa hadi alasiri, akapewa ova 2, akaambiwa asante. Kikosi kikatoka, jina halimo. Hilo si dhuluma, huenda waliochaguliwa walimzidi. Dhuluma ni kuwa hakuambiwa neno hadi leo. Aliniuliza, "Ami, nilikosa nini? Mpira wangu haupindi, au ni mimi?" Nilishindwa kumjibu, kwani hata mimi sijui, na wateuzi hawaandiki.

Kwa hiyo, ami yangu, fungu silitaki. Nataka kila kijana aliyeitwa na kuachwa apate mistari miwili ya maandishi yenye sababu. Nataka madaftari ya alama ya mechi za Mombasa yasomwe huko juu, yasiishie makabatini. Na nataka wateuzi washuke huku walau mara mbili kwa msimu, wasimame juani kama sisi, bila kuwaarifu wenye klabu kwanza. Wakiona hakuna anayefaa, na waseme hivyo hadharani, nasi tutanyamaza.

Yule mwana wa jirani sasa anaendesha tuktuk. Ijumaa jioni huiegesha kando ya uwanja, akawarushia watoto wa mtaa mipira, na juzi nilimwona mmoja wao, hajatimia miaka kumi, akiupinda mpira hata mpigaji akageuka nyuma kuutafuta.