Tujenge na baraza

Ndugu mwandishi, Mji Mkongwe wa Zanzibar umeueleza vizuri, lakini ungefika na huku kwetu Kiembe Samaki. Baadhi ya waliohama mjini, nyumba za wazee wao zikigeuzwa hoteli, wamejenga huku. Nyumba nzuri, mashaallah, ila nyingi zina ukuta mrefu na geti la chuma, baraza hakuna. Na barazani ndipo watu wazima walipocheza bao, wakanywa kahawa, wakamkanya mtoto wa jirani kama wa kwao. Siku hizi jirani namjua kwa gari lake. Sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib huko mjini ilipoporomoka Disemba 2020 tulisikitika sote. Lakini baraza zinapotea kimya kimya. Unayejenga, nakuomba, acha futi chache nje ya ukuta uweke baraza.