RODEO YA PENDLETON: KAZI YA WOTE, NA JINA LIWE LA WOTE



Vijana wakitoka kwenye banda la video utawasikia: "Aa, kauboi, mambo ya wazungu yale." Sisi tunasema hapana. Hiyo ni kasumba, na dawa ya kasumba ni ukweli. Hebu tusikilizane.

Huko Marekani, jimbo la Oregon, uko mji mdogo uitwao Pendleton, watu wake wapata elfu 17 tu. Tangu mwaka 1910, kila ifikapo Septemba, mji huo hufanya rodeo. Rodeo ni nini? Ni mashindano ya wachunga ng'ombe. Mtu anampanda farasi mkorofi anayerukaruka ili amtupe, naye lazima akae sekunde 8, mkono mmoja umeshika, mwingine uko hewani. Mwingine anamnasa ndama kwa kamba. Mwingine anajirusha kutoka juu ya farasi, anamkamata maksai pembe na kumlaza chini. Ni kazi ya machungani iliyogeuzwa mchezo, basi.

Nani anauendesha? Siyo tajiri mmoja. Ni chama cha wenyeji kisichogawana faida. Viongozi wake hawalipwi mshahara, na mamia ya watu wa mji huacha shughuli zao wakaja kujitolea. Siku ya kwanza mwaka 1910 walifika watazamaji wapatao 7,000. Mchezo ulisimama mwaka 1942 na 1943 kwa sababu ya vita, ukasimama tena mwaka 2020 kwa sababu ya Korona. Kila mara wenyeji wameuinua tena. Kwa hilo tunawapa heko. Kazi ya kujitolea ya zaidi ya miaka mia siyo mchezo wa kitoto.

Lakini ndugu zetu, kujitolea ni jambo moja, na kuhesabu haki ni jambo lingine. Tuulize: ufundi huo ni wa nani?

Kwanza, neno lenyewe rodeo ni la Kispania, maana yake kuzungushia ng'ombe na kuwakusanya. Wachungaji wa Meksiko ndio waliokuwa mabingwa wa kamba na tandiko kabla kauboi hajaitwa kauboi.

Pili, wanahistoria wanakadiria kwamba katika makauboi wa zamani, mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi. Wengi walikuwa wametoka utumwani au ni watoto wa waliokuwa watumwa. Huo mchezo wa kumlaza maksai kwa pembe, aliyeuanzisha na kuutangaza ni Bill Pickett, mtu mweusi wa Texas, aliyezaliwa mwaka 1870. Katika sinema za zamani mmemwona wapi? Ni nadra mno! Wamemfuta.

Tatu, wako wenyeji wa asili wa nchi ile, Wacayuse, Waumatilla na Wawalla Walla. Kwa mkataba wa mwaka 1855 walipoteza sehemu kubwa ya ardhi yao. Hata hivyo tangu 1910 wanakuja kwenye rodeo ya Pendleton, na mahema yao hupita 300. Bila wao sherehe ile ingekuwa nusu.

Sasa sikieni ya mwaka 1911. Kwenye fainali ya kupanda farasi walibaki watu watatu: John Spain, mzungu, George Fletcher, mtu mweusi aliyejifunza farasi kwa Waumatilla, na Jackson Sundown, wa kabila la Nez Perce. Waamuzi wakampa Spain ushindi. Umati ukapiga kelele, maana waliona kwa macho yao kuwa Fletcher ndiye bingwa. Hapo sherifu wa eneo lile, Til Taylor, akaichukua kofia ya Fletcher, akaikata vipande vipande, akawauzia watazamaji, na fedha akampa Fletcher. Waamuzi walimnyima, wananchi wakamlipa!

Sundown je? Alirudi mwaka 1916, mzee wa miaka 53, akawashinda vijana wote. Safari hiyo hapakuwa na wa kumnyima.

Na akina mama nao? Walikuwa wakipanda farasi wakorofi kama wanaume. Mwaka 1929 Bonnie McCarroll aliangushwa na farasi hapo Pendleton, akafa siku chache baadaye. Baada ya hapo wanawake wakazuiwa kupanda farasi hao. Tunauliza: wanaume wangapi wameangushwa na farasi duniani? Mbona wao hawakuzuiwa? Jamani, msiba wa mmoja umegeuzwa kifungo cha wote.

Wapo watakaosema: "Mambo ya kale yaacheni, mtaharibu sherehe za watu." Huo ni uvivu wa kufikiri. Mwaka 1969 Pendleton wenyewe walimwingiza Fletcher katika orodha ya mashujaa wa rodeo yao, na leo sanamu yake imesimama mjini humo. Je, rodeo imekufa? Haikufa. Watu wanazidi kuja. Ukweli hauvunji urithi, unaovunja ni uongo. Mtu aliyefutwa jina lake, mwanawe atakuja kujitolea kwa moyo gani?

Kwa hiyo tunasema wazi. Urithi siyo mali ya aliyeshika daftari la majina. Ni wa kila mkono ulioujenga, mweusi, mweupe, wa mwenyeji wa asili, wa mwanamke. Mji ukitaka watu wajitolee miaka mia mingine, uhesabu mikono yote.

Na ninyi vijana, mkirudi kwenye banda la video, mkimwona kauboi, mkumbuke kofia ya Fletcher.

KAZI YA WOTE, JINA LA WOTE!

Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.

Katibu